Wamotari wa Butembo, ondoeni ile swichi

Juzi jioni, kama saa kumi na mbili, nilisimama kando ya barabara kule Furu, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza nyanya na makala. Ni mama aliyetoka upande wa Kanyabayonga mwaka 2024, wakati ule watu walipojaa barabarani kuelekea Lubero na huku kwetu Butembo. Mpaka leo anakaa na watoto wake katika chumba kimoja cha familia iliyompokea. Tulikuwa tunapatana bei. Pikipiki moja ikawa inapanda mlima, motari akabadilisha vitesi, na bomba la moshi likalia: pwaa! Akabadilisha tena: pwaa! Nilipogeuka kumtazama yule mama sikumwona. Alikuwa chini ya meza, amemlalia mtoto wake mdogo, na nyanya zilikuwa zinateremka kwenye mtaro.

Motari hakuona kitu. Alikuwa amekwisha kufika juu. Mama aliinuka polepole, akajipangusa vumbi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni pikipiki tu. Nikamwambia ndiyo mama, ni pikipiki tu. Tuliokota nyanya pamoja. Mtoto alikataa kutoka chini ya meza mpaka nilipoondoka.

Ndugu wasikilizaji, mwanzoni nilifikiri ni yale mabomba ya moshi yaliyotobolewa, ugonjwa tunaoujua tangu zamani. Kesho yake nikazunguka kwenye garaji kuuliza. Kumbe kuna jambo jipya. Fundi mmoja kijana alinionyesha kwa fahari swichi ndogo yenye springi, ile ile ambayo kazi yake ni kuwasha taa ya nyuma ukikanyaga freni. Ameifunga karibu na selekteri, kile chuma cha kukanyagia vitesi kwa mguu wa kushoto, halafu waya wake ameupeleka kwenye waya wa kuzimia injini. Motari akikanyaga vitesi, swichi inakata cheche ya buji, vitesi inaingia bila kukamata ambreyaje, na bomba linapiga kelele. "Papa, hii ni kwikishifta," akaniambia. "Ndiyo ile ya pikipiki za mbio." Akatoa simu akanionyesha video za Wazungu wakishindana.

Nilimuuliza anafanyisha kwa bei gani. Ni kama bei ya buji mbili. Na wateja wapo, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu.

Mimi si adui wa vijana wala wa pikipiki. Nimepanda pikipiki katika mji huu tangu zilipoanza kuwa mkate wa watu, na nikisikia kijana anapenda mashine yake nafurahi. Lakini kile kitu alichonionyesha si kwikishifta. Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu kijana wa garaji ukimwambia "acha" bila kumpa sababu ya kifundi, atakucheka ukigeuka tu.

Tuanzie ndani ya injini. Katika bwati ya vitesi ya pikipiki, pinyo zote zimeshikana muda wote. Unapobadilisha vitesi huleti pinyo mpya, unachagua tu ni ipi ifungwe kwenye chuma chake. Inafungwa na meno makubwa ya pembeni yanayoingia katika matundu ya pinyo jirani. Wakati injini inavuta, meno hayo yamekandamizwa kwa nguvu yote ya injini, na mguu wako hauwezi kuyachomoa. Ukikamata ambreyaje, nguvu inakatika, meno yanalegea, yanatoka pale na kuingia kwingine. Ndiyo kazi yote ya ambreyaje wakati wa kubadilisha.

Sasa, kila motari mzoefu anajua siri nyingine: unaweza kuacha ambreyaje, ukapunguza gazi kidogo tu kwa kifundo cha mkono, ukasukuma selekteri wakati huo huo, na vitesi ikaingia laini kabisa. Ni kitu kile kile. Umekata nguvu kwa muda mfupi na meno yamelegea. Kwikishifta ya kweli ni mashine inayofanya kazi ya kifundo hicho cha mkono, lakini kwa haraka ambayo mtu hawezi. Kuna kihisi kwenye selekteri kinachosikia mguu unaanza kusukuma. Kinapeleka habari kwenye kompyuta, nayo inakata cheche au esanse kwa muda mdogo sana, mara nyingi kati ya milisekunde 50 na 90, yaani hata moja ya kumi ya sekunde haifiki. Kisha inarudisha nguvu yenyewe, hata kama mguu bado umekanyaga. Dereva hafungi gazi, hagusi ambreyaje.

Hapo mwisho ndipo pa kushika vizuri. Inarudisha yenyewe. Swichi ya taa ya freni hairudishi kitu. Inakata cheche tangu mguu unapogusa mpaka mguu unapoachia, na mguu wa mtu mwenye buti za mvua ukikanyaga na kuachia, nusu sekunde inapita.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Injini ya silinda moja ya mapigo manne, kama hizi zetu, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inawasha cheche ya kazi mara 50 kwa sekunde. Ukikata kwa milisekunde 60, ni mara tatu tu ambazo esanse inapita bila kuungua. Ukikata kwa nusu sekunde, ni mara 25. Na pikipiki zetu nyingi ni za karbirateri: haijui kama cheche imekatwa, inaendelea kumimina esanse kadiri pistoni inavyovuta. Esanse yote hiyo mbichi inaingia katika bomba la moshi lenye joto kali. Cheche ikirudi, inawaka yote pamoja, ndani ya bomba. Ndiyo ile pwaa iliyomlaza mama chini ya meza.

Pikipiki za mbio za kisasa hukwepa jambo hilo kwa sababu zina injeksheni, na kompyuta inaweza kukata esanse yenyewe. Mlio mdogo unaousikia kwenye video ni wa mashine inayopimwa na watu wenye kazi hiyo, katika uwanja uliofungwa, na watazamaji wamelipa tiketi kuusikiliza. Hakuna mtu aliyelipa tiketi kule Furu.

Nirudi kwenye swichi. Pikipiki kama TVS Star au Boxer ina selekteri ya sehemu mbili, mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, na imefungwa moja kwa moja juu ya chuma kinachotoka katika bwati. Hakuna fimbo katikati. Pikipiki za mbio nyingi zina fimbo nyembamba kati ya selekteri na bwati, na kihisi cha kweli kinakaa ndani ya fimbo hiyo, kikisikia kama inasukumwa au inavutwa na kwa nguvu kiasi gani. Kwetu mahali pa kukiweka hapapo. Kwa hiyo fundi analazimika kufunga swichi pembeni kwa waya wa kufungia matofali, na swichi haijui tofauti kati ya mguu unaobadilisha vitesi na mguu uliopumzika.

Fikirieni barabara zetu. Mvua imenyesha, motari amebeba mama mjamzito anampeleka Matanda, anashuka kwenye tope, pikipiki inaruka juu ya jiwe, kisigino kinagonga selekteri. Cheche inakatika. Injini inakosa nguvu wakati ule ule anaihitaji kutoka katika shimo. Au anavuka barabara mbele ya fuso la mbao. Fundi yule kijana aliniambia kwamba "ukizoea haitokei". Mimi namjibu kwamba abiria hajazoea.

Na faida yake ni ipi? BMW S 1000 RR ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa na nguvu za farasi 193, na hata pikipiki hiyo kwikishifta ilikuwa ya kuagiza na kuongeza pesa. Pikipiki zetu za kubeba watu zina nguvu kumi na kitu. Katika mbio, robo ya sekunde unayookoa katika kila vitesi inazaa mita kadhaa mbele ya mwenzako. Kutoka mzunguko wa VGH mpaka juu Furu, na abiria wawili na gunia la makala, robo ya sekunde unaipoteza yote kwenye shimo la kwanza. Tazameni hata TVS wenyewe. Apache RTR 310 waliyoitoa mwaka 2023 inaweza kuja na kwikishifta ya kupanda na kushuka vitesi, kutoka kiwandani. Ina injeksheni, ina gazi ya umeme, ina kompyuta. Star ya kubebea watu hawakuiwekea. Si kwamba walisahau.

Kuna hasara nyingine ambayo hailii, na hiyo ndiyo inayogusa mifuko. Cheche ikikatwa ovyo, meno ya bwati hayaingii kamili. Yanagusana kwa ncha, yanateleza, yanaingia nusu. Kila mara yanapoteleza, pembe zake zinalika kidogo. Baada ya muda utasikia pikipiki inatoka vitesi ya pili yenyewe ukifungua gazi. Ikifika hapo hakuna dawa ya nje. Ni kufungua injini mpaka katikati, kutafuta pinyo mpya na uma za kuzisukuma, na kuomba Mungu vipande hivyo vipatikane hapa na si vya bandia.

Wamotari wengi wa mji huu hawana pikipiki yao. Wanaleta verisema kwa patro kila siku, iwe mvua iwe jua, na kinachobaki ndicho cha watoto. Pikipiki ikilala garaji siku nne, patro hasikii habari ya kwikishifta. Anasikia kwamba hakuna pesa. Nimezungumza na kijana mmoja aliyepoteza pikipiki ya patro wake kwa njia hiyo. Naye ni mtu aliyekimbia vita, shamba la wazazi wake liko mahali asipoweza kurudi sasa, na pikipiki ile ilikuwa ndiyo shamba lake la pili. Sasa anasukuma mchanga kwenye chantie. Alipokuwa ananisimulia alikuwa anacheka, lakini ni kicheko cha mtu ambaye hataki uone macho yake.

Nimepata pia barua ya msomaji wetu mmoja, mtoto wa Butembo anayeishi Kampala. Amenunua Honda CBR600RR ya mwaka 2005 iliyotumika, na anauliza achague kwikishifta gani na jinsi ya kuifunga. Yeye si motari wa abiria, na pikipiki yake ni ya aina ambayo kifaa hicho kilitengenezewa. Nitamjibu hapa, kwa sababu jibu lake litawaonyesha mafundi wetu kazi yenyewe inavyotaka kufanywa.

Ndugu yangu, kwanza usinunue kitu. Panda pikipiki yako, fungua gazi vizuri katika vitesi ya pili na ya tatu, ubadilishe kwa ambreyaje. Kama inatoka vitesi au inakataa kuingia, una ugonjwa ndani ya bwati, na kwikishifta haiponyi. Itauzidisha. Kisha tazama mnyororo. Mnyororo uliolegea unapiga kila nguvu inapokatika na kurudi, na kwikishifta inakata na kurudisha kwa ukali, hivyo kipigo kinakwenda kwenye pinyo na kwenye bwati. Kaza mnyororo kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na kama umechakaa badilisha pamoja na pinyo zake mbili. Usiweke mnyororo mpya juu ya pinyo ya zamani.

Sasa kuhusu kuchagua. Pikipiki yako ina injeksheni lakini gazi yake ni ya kamba, si ya umeme. Maana yake unaweza kupata kwikishifta ya kupanda vitesi, lakini ya kushuka sahau. Ili kushuka bila ambreyaje, kompyuta lazima ifungue gazi yenyewe kidogo ili injini ipande mizunguko ikutane na vitesi ya chini, na kompyuta haiwezi kuvuta kamba. Mtu akikuuzia "ya kupanda na kushuka" kwa pikipiki ya kamba, muulize vizuri ni nani atakayefungua gazi.

Kuna vile vinavyokata cheche kwenye koili na vile vinavyokata esanse kwenye injekta. Mimi ningekushauri cha kukata esanse, kama kipo cha pikipiki yako, kwa sababu ya mlio niliousimulia na kwa sababu bomba litaishi zaidi. HealTech, kampuni ya Hungaria, wana kifaa kinachojitegemea ambacho unakipangia muda wa kukata kwa simu. Dynojet wana cha kwao kinachofanya kazi pamoja na kompyuta yao ndogo ya esanse. Muhimu kuliko jina ni kwamba kiwe na nyaya zenye vichwa vinavyoingia katika vichwa vya Honda yako bila kukata hata waya mmoja. Na kiwe na njia ya kupanga muda tofauti kwa vitesi au mizunguko tofauti. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kunataka muda mrefu zaidi, kwa sababu pengo la vitesi ni kubwa na meno yanapita nyutro. Kutoka ya tano kwenda ya sita muda mfupi unatosha. Kifaa chenye muda mmoja tu kwa vyote kitakupiga teke mahali fulani.

Kabla ya kuagiza, piga magoti kando ya pikipiki, sukuma selekteri kwa mkono kama unayepanda vitesi, na utazame ile fimbo. Je, inasukumwa au inavutwa? Vihisi vingine vinasikia upande mmoja tu, na watu wengi wanaagiza kisichofaa kwa sababu hawakutumia dakika hiyo moja. Na kama umegeuza selekteri kwa mtindo wa mbio, ya kwanza juu na nyingine chini, upande nao umegeuka.

Kwenye kufunga, fimbo ya zamani inatoka na nyingine fupi inaingia pamoja na kihisi. Angalia nati zake: mara nyingi ncha moja ina uzi wa kushoto, inafunguka kinyume, na fundi mwenye haraka anaivunja. Ukimaliza, fimbo na mkono wa bwati vifanye pembe ya mraba, nyuzi 90, selekteri ikiwa imepumzika. Pembe ikiwa mbaya, mguu unasukuma sana na kihisi kinasikia kidogo. Nyaya zipite mbali na bomba na mbali na pale usukani unapogeukia. Umeme uchukue kwenye waya unaozimika na ufunguo, la sivyo utakuta betri imekufa asubuhi.

Jaribu kwanza gurudumu la nyuma likiwa juu kwenye stendi, kisha barabara tupu. Anza na muda mrefu, ushuke milisekunde tano tano. Ukisikia pikipiki inainama mbele na kurudi, muda ni mrefu. Ukisikia selekteri inakataa au inaingia kwa kishindo, ni mfupi, na mfupi ndio unaolika meno. Kihisi kisiwe kepesi mno mpaka mguu ukipumzika kinakata. Na kumbuka ni kifaa cha wakati injini inavuta, gazi ikiwa wazi. Mjini, kwenye msongamano, ukiwa taratibu, tumia ambreyaje kama mtu mwingine yeyote.

Vifaa vya aina hiyo bei yake inacheza kati ya dola 150 na 400. Kwa kijana wa Kampala anayependa pikipiki yake Jumapili, ni pesa yake. Kwa motari wa Butembo, hata akipewa bure, hakuna mahali pa kuifunga. Lakini zile pesa za swichi na waya, na zile za kurekebisha bwati baadaye, zinatosha kununua viatu vya freni vya nyuma na vya mbele na kubaki. Nilipokuwa katika garaji ile niliangalia pikipiki sita zilizokuwa zinangoja. Mbili zilikuwa na swichi. Katika hizo mbili, moja ilikuwa na freni ya mbele ambayo kamba yake imekatika, na mwenyewe aliniambia anatumia ya nyuma tu. Amelipa ili aende haraka robo ya sekunde, na hawezi kusimama.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatapenda. Sitaki polisi wa barabarani wapewe kazi hii. Najua tutakavyoishia. Kesho kila pikipiki itasimamishwa, yenye swichi na isiyo nayo, na motari atatoa franka ili aende zake, na swichi itabaki pale pale. Trakaseri tunazo za kutosha. Nataka wakubwa wa mashirika ya wamotari, wale wanaojua kila pikipiki imesimama kona gani, waifanye kuwa kanuni ya maegesho: mwenye swichi na mwenye bomba lililotobolewa hachukui abiria pale. Wana nguvu hiyo. Tumewaona wakimfukuza mtu kwa kutolipa mchango, basi wanaweza pia kwa hili. Na mapatro, shukeni mtazame pikipiki zenu chini ya selekteri. Ni mali yenu.

Abiria nao wana sauti. Ukipanda na ukasikia pwaa, shuka, lipa nusu, chukua nyingine. Motari anamsikiliza mteja kuliko anavyomsikiliza mwandishi.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo, kwamba watu wanakufa kwa risasi za kweli na mimi naandika juu ya milio ya pikipiki. Nimelifikiria hilo. Lakini risasi za kweli siwezi kuzizuia, na hii tunaweza kuiondoa kwa bisbisi. Halafu, jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021. Kuna askari kwenye vizuizi, wamechoka, ni usiku, vidole vyao viko karibu na mahali tunapojua. Kijana anayefika pale na bomba linapiga pwaa pwaa anacheza na kitu ambacho hakitamuuliza kama alikuwa anabadilisha vitesi. Na katika nyumba za mji huu kuna watoto ambao walijifunza sauti ile kabla ya kujifunza kusoma. Wamama wanaowapokea wananiambia kuna wanaokojoa kitandani kila usiku pikipiki hizo zinapopita. Nilidhani wanatia chumvi mpaka siku ile ya nyanya.

Nilirudi kwa fundi kijana. Tulibishana karibu saa nzima, juu ya hesabu ya cheche zaidi kuliko kitu kingine, akachora kwenye karatasi ya saruji na kuikubali. Swichi ya pikipiki yake mwenyewe aliitoa mbele yangu, dakika kumi hazikufika. Anakata ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi, anaufunika vizuri kwa skochi nyeusi ili usiguse chuma, na anaijaribu taa na ufunguo wa kuzimia kabla ya kuondoka. Amesema yeyote aliyefungiwa na yeye, au na fundi mwingine, amletee pikipiki na ataitoa bila kulipisha, mpaka mwisho wa mwezi huu. Bomba lililotobolewa atalichomelea kwa bei ya vijiti vya kuchomelea tu. Mnaotaka kujua garaji yenyewe, niulizeni mnaponikuta sokoni, nitawaelekeza. Jumapili anafunga.